Sauti ya Mwanamke wa Dominika

Kisomamidomo kilinguruma, kikatulia, na ukuta mzima wa maabara ukajaa uso wa mwanamke aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita. Nyuzi za mwanga wa kijani zilitambaa juu ya midomo yake. Mashine ilikuwa ikipima kila msuli wa shavu na kila mtikisiko wa koo, ili ijenge upya sauti ambayo filamu bubu haikuweza kuinasa.

"Inakuja, Dokta!" alisema Mhandisi Kheri Chande, aliyekiunda chombo hicho.

Dokta Tunu Mwaipopo alisogea karibu na ukuta. Kwa miaka mingi pale chuoni Dodoma alikuwa akichunguza jinsi filamu za kale zilivyowaonyesha watu wa Karibi, hasa Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Dominika. Maandishi ya filamu hii yalimwita mwanamke yule mchawi anayemlaani nahodha wa meli ya wageni. Tunu alishikilia kwamba huo ni uongo. Wenzake walimuuliza kila mara: ushahidi uko wapi?

Na jioni hiyo ukumbi wa chuo ungejaa watu wa kuja kuuona ushahidi huo.

Kando yake, kwa picha-hewa iliyorushwa kutoka Dominika, aliketi Bi Sylverine Valmond, kitukuu wa mwanamke yule. Yeye na ndugu zake ndio walioifufua lugha ya wazee wao, na maneno waliyoyakusanya ndiyo yaliyoifundisha mashine. Kipuli-tafsiri sikioni mwa Tunu kiligeuza kila neno kuwa Kiswahili.

Sauti ikatoka, nzito, ya mtu aliyechoka lakini haogopi.

"Nimeshakwambia hapana. Ukitaka kutujua, kaa chini ule nasi. Liondoe hilo jicho lako la kioo usoni mwa wanangu."

"Hakuwa analaani! Alikuwa anamkataza mpiga picha!" Tunu aliruka, akamkumbatia Kheri, akazunguka naye kama watoto uwanjani. "Nilisema mimi! Nilisema! Bi Sylverine, umemsikia?"

Sylverine alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nimemsikia. Hakuna aliye hai aliyewahi kuisikia sauti yake." Akajifuta macho. "Na wewe, Dokta, umesikia alichosema?"

"Neno kwa neno!"

"Amesema hapana."

Tunu akageuka. Uso ule ulikuwa bado ukutani, mkubwa kuliko mlango, ukitazamwa. Furaha haikumtoka, ila ilimkaa vibaya kifuani. Miaka yote hiyo alikuwa amewatetea watu hawa kwa kuonyesha sura zao darasa baada ya darasa.

"Kheri," alisema taratibu, "zima picha."

"Dokta! Wageni wamekuja kuiona. Bila picha watasema tumetunga."

"Wataalamu watavikagua vipimo vya mashine. Zima." Kisha akamgeukia Sylverine. "Niambie nyinyi mnatakaje."

Sylverine aliomba muda, akaenda kuzungumza na jamaa zake. Aliporudi alisema, "Sauti isikike, dunia nzima ikipenda. Sura irudi nyumbani."

Jioni, taa za ukumbi zilizimwa na ukuta ukabaki mweusi. Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Picha iko wapi?"

"Mwenyewe alikataa," Tunu alijibu. "Msikilizeni."

Sauti ikajaza giza lile. Kisha ikakoma. Halafu, kupitia spika, kutoka Dominika ambako kijiji kizima kilikuwa kikifuatilia, wanawake wakamwitikia bibi yao kwa lugha yake, mmoja, kisha wengi, mpaka kipuli cha Tunu kikashindwa kuwatenganisha. Ukumbi ukasimama na kupiga makofi. Tunu alicheka kwa furaha, hakuona haya.

Watu walipokuwa wakitoka, Kheri alimfuata, macho yakimwaka.

"Kumebaki filamu nyingine kibao kabatini, Dokta. Kesho tuanze na ipi?"

"Kesho hatuwashi mashine," Tunu alisema. "Kesho tunaanza kuwatafuta wajukuu wa waliomo."