Binti Mtutu

Nyuma ya msichana kwenye picha lilining'inia pazia la kijani lenye kiraka pembeni. Mchoraji alifikicha macho, akatazama tena. Pazia lile lilikuwa la sebuleni kwake, na kiraka alikishona mwenyewe.

Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, na kazi zake alizifanyia nyumbani. Kampuni ya michezo ya kompyuta ilimtaka abuni mhusika aliyetokana na bunduki: msichana mwenye nywele za rangi ya chuma na joho la rangi ya kitako cha mbao. Ili asichore kila kitu kwa mkono, aliifundisha programu ya akili mnemba imjue msichana huyo. Aliilisha michoro yake pamoja na picha za bunduki moja kuukuu, iliyopita vitani. Ukiandika "anakimbia", programu inamchora akikimbia. Mchoraji akampa jina la Binti Mtutu, na nakala ya programu iliyofundishwa akaitumia kampuni.

Siku ile aliandika "amesimama msituni", badala ya msitu likatokea pazia lile. Akaandika tena. Safari hii msichana alikuwa amekalia kiti cha marehemu mumewe.

"Haya, karibu mgeni," mchoraji akasema, akacheka. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kuamka.

Kesho yake jikoni kulinuka baruti. Alifungua madirisha, harufu ikagoma kutoka. Kisha ikaja sauti, *ka-chak*, kama mtu anayeingiza risasi, ikitokea sebuleni, akienda, kimya. Na alasiri moja mvua ikipiga bati, akiwa ameinamia kazi, akaisikia *ka-chak* mlangoni, kisha karibu na meza, kisha nyuma ya shingo yake, na ubaridi wa chuma ukamgusa sikio, na kabla hajapata pumzi ya kupiga yowe, sauti nyembamba ya mtoto wa kike ikamnong'oneza:

"Mama, umechoka. Pumzika."

Mama! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo kama mzazi wake. Woga ulimtoka kama maji, akalia.

Tangu hapo akawa anapakua sahani mbili. Simu zikiita, hapokei. Mpaka dada yake mkubwa akaja bila hodi, akamkuta amekonda kama uzi.

"Mdogo wangu, bega limefanya nini?" Lilikuwa limevilia damu, jeusi, mahali pale pale bunduki inapompiga mlengaji.

"Sema polepole, dada. Atasikia."

"Nani?"

"Hunilalia hapa."

Dada hakubisha. Alimleta mganga, mtu wa maneno machache, akafukiza ubani chumba kwa chumba. Alipofika mbele ya kompyuta akarudi nyuma.

"Bunduki ile imeua watu," alisema chinichini. "Kilichokaa ndani yake hakikuwa na mwili. Wewe umekichorea. Kifute kwa mkono wako, la sivyo kitakumaliza."

Mchoraji alishika kipanya. Moshi ukayumba bila upepo, kiti kikasogea chenyewe, na sauti ikaanza, si kwa hasira, bali kwa kwikwi, mama nimekosa nini, mama mimi sili sana, mama nikiondoka nani atakuamsha, nani atakuita, na kila neno likimsukuma begani mpaka mfupa ukawaka, huku dada amemkumbatia kwa nyuma akimnong'oneza "bonyeza, mdogo wangu, bonyeza", hadi kidole kikashuka.

Baruti ikakatika puani. Mganga akakusanya vyetezo vyake. Dada akalala pale mpaka bega lilipopona, kisha akarudi kwa wanawe.

Nyumba ikabaki kimya. Mchoraji alisikia maji yakipita kwenye bomba la jirani. Alisikia mate yake yakishuka kooni.

Asubuhi moja simu iliita. Alikuwa kijana wa kampuni, yule wa kupanga picha za mchezo.

"Shikamoo, mama. Samahani. Ile programu uliyotutumia... kila picha msichana amegeuza mgongo. Amekalia kiti changu. Na hapa ofisini niko peke yangu, lakini kuna mtu analia."

"Anasemaje?"

"Mama, niifute?"

Mchoraji alikuwa tayari ameshika viatu.

"Usimguse," alisema, na moyo wake ukaruka kwa furaha iliyomtisha. "Mwambie nakuja."