Jogoo wa Dakika Kumi

Kila Jumamosi Wanjugu alifua sare yake ya shule, akaianika uani, kisha akamsaidia cucu, bibi yake, kumenya viazi. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda kwao Manyatta. Jumamosi ile viazi vilimenywa mapema, kwani mjomba Gichovi, mwana wa cucu, alikuwa anatoka hospitali. Alikuwa ameugua homa ya matumbo, na daktari alimwonya asile chochote kisichoiva vizuri.

Cucu alimchinja jogoo mkubwa, akamkata vipande, akaviweka kwenye beseni.

"Ninaenda kuchukua maziwa kwa jirani Makandi. Nikirudi tutamchemsha," alisema.

Saa kumi na moja ilifika, cucu hajarudi. Wanjugu alitoka mlangoni mara tatu kutazama barabara. Akamkumbuka shangazi Nelius, anayeishi mtaa wa Dallas mjini Embu. Shangazi hukaanga kuku wa broila kwa dakika kumi tu.

"Kwani mimi nitashindwa?" alijiambia.

Alipasha mafuta, akapanga vipande kwenye kikaango. Ngozi ilipogeuka rangi ya dhahabu, akavitoa. Katika mafuta yaleyale alikaanga kitunguu saumu na nyanya, akakamua malimau mawili, akaongeza kijiko cha asali. Mchuzi ulikuwa mzito, wenye uchachu wa kutia mate mdomoni.

Mdogo wake Purity, wa miaka sita, alinyakua kipande, akauma na kuvuta.

"Dada, huyu kuku anavutika kama ndara! Na ona, kuna damu!"

Kweli, karibu na mfupa nyama ilikuwa nyekundu. Nje, mlango wa gari ulifungwa.

"Nyamaza wewe! Hiyo ni nyanya," alisema, akamimina mchuzi juu ya vipande vyote.

Cucu aliingia pamoja na mjomba. Walikuwa wamekutana njiani.

"Uui, kumbe umeshapika! Ameiva?"

"Ameiva, cucu," alijibu, macho chini.

Mjomba alikaa polepole. Shati lake lilimpwaya. "Harufu kama hii hospitalini hakuna," alisema. Cucu akamwekea firigisi kwenye sahani, maana hiyo ni heshima ya mwanamume aliyerudi nyumbani.

Cucu akaanza kuomba. Hapo nyumbani hakuna aliyethubutu kumkatiza akiomba. Alishukuru kwa ajili ya madaktari, mvua na barabara. Wanjugu alifungua jicho moja. Vidole vyembamba vya mjomba vilikuwa tayari pembeni mwa sahani.

"...na chakula hiki kimpe mwanangu nguvu..."

"Cucu, asile!" Wanjugu alipaza sauti. "Hajaiva!"

"Nilimwambia kuna damu!" Purity akadakia.

Cucu alichukua kisu, akapasua paja. "Na umeniambia ameiva."

"Nilikudanganya. Niliogopa ungenikasirikia."

Cucu alitazama ile nyama, akasema, "Amina," kisha akakusanya sahani zote. Kuku alirudi jikoni, safari hii kwenye sufuria, pamoja na mchuzi wake, maji na kifuniko.

"Broila wa Nelius ana wiki sita, na hukaanga kifua kisicho na mfupa," alimweleza Wanjugu. "Huyu amekimbia mitelemko hii miaka miwili. Lazima achemke."

Walingoja saa moja na nusu. Mjomba alikunywa uji, akacheka: "Daktari nilimngoja siku tatu. Nitashindwa na jogoo?"

Hatimaye nyama iliachana na mfupa yenyewe. Mjomba alikula polepole, akaomba mchuzi zaidi. Ndipo Wanjugu akapumua.

Cucu alimvuta karibu. "Kukosea kupika si kitu. Mimi nimeunguza sufuria nyingi kuliko miaka yako. Ukisema ni mbichi, tunarudisha motoni na yanaisha. Ukificha, mtu anarudi hospitali. Ukweli niambie saa hiyo hiyo, mjukuu wangu, hata kama ninaongea na Mungu. Yeye atangoja."