Binti Mchomeleaji Mbele ya Wabunge

Cheche ziliruka kwenye karakana ya mjomba. Binti alikuwa anachomelea geti. Alizaliwa kiziwi, lakini mikono yake ilikuwa na maneno mengi. Wateja walipokuja, kaka yake ndiye aliyeongea nao. Watu walimwita Redio, na kitufe cha kumzima hakikuwepo.

Siku moja Redio alimpeleka Binti chuo cha ufundi kujiandikisha, akarudi naye amenuna.

"Wamemkataa," alimwambia mama yao. "Eti hawana mkalimani wa lugha ya alama. Bila cheti, nani atampa kazi ya maana?"

Mama akaketi. "Chuo cha serikali, halafu mtoto wa raia anafukuzwa?"

Kamati ya bunge ilikuwa inakuja mjini kusikiliza vijana. Redio na wenzake wakakutana sebuleni kujiandaa. Redio akapaza sauti: "Waheshimiwa, usawa ni nguzo ya ustawi endelevu!" Wenzake wakapiga makofi. Binti alikuwa jikoni, anaosha vikombe vyao.

Jirani yao alikuwa afisa ustawi wa jamii. Mtaa mzima ulimwita Mama Ustawi. Alikuja kuazima pasi, akasikia hotuba, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, unadai usawa, na mwenye shida umemwacha jikoni?"

Uso wa Redio ukashuka. "Lakini mama, mimi ndiye ninayemsemea siku zote."

"Anasema mwenyewe, kwa mikono. Mkutano ule ni wa wananchi wote, naye ana haki ya kutoa maoni. Ombeni mkalimani mapema. Akikosekana, wewe tafsiri, ila usitie chumvi. Aeleze yaliyompata, kisha aombe jambo moja linalowezekana. Na msiondoke bila kuuliza litafanyika lini."

Mkalimani hakupatikana. Basi siku ya mkutano Binti alisimama mbele ya wabunge, na Redio kando yake. Binti akaanza kusema kwa mikono. Redio akatafsiri:

"Nimetengeneza mageti ya nusu ya mtaa wetu. Chuoni nilirudishwa getini. Wekeni mkalimani katika kila chuo cha serikali. Siombi kwa ajili yangu tu."

Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Redio. "Kijana, dada yako hawezi kusomea kitu chepesi? Kushona, kwa mfano?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Redio. Akalimeza. Akamfikishia dada yake swali, akasubiri.

"Mheshimiwa, nguo niliyoshona mimi hata mbuzi ataikataa," Binti akajibu. Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka. "Kwa nini nibadilishe ndoto yangu, na chuo kisibadilishe utaratibu? Mtaleta wakalimani lini?"

Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari lake. "Una haki, binti. Tutaibana wizara. Muhula ujao watakuwepo."

Vijana hawakulala. Walipiga hodi ofisini kwa mbunge wao tena na tena, mpaka wizara ikatoa agizo kwa vyuo vyote.

Muhula ulipoanza, Mama alimsindikiza Binti chuoni, pamoja na Mama Ustawi, Redio na wenzake. Viziwi wengine wanne walikuwa wamefika kutoka miji ya mbali. Mama akamkumbatia Mama Ustawi, machozi yakimtoka. "Asante, jirani. Umetutoa mbali. Na ninyi vijana, Mungu awazidishie."

Darasani, mwalimu aliuliza nani amewahi kushika mashine ya kuchomelea. Mkalimani akalifikisha swali kwa mikono. Binti akanyoosha mkono, akaitwa mbele.