Mwanga Usio na Wekundu

Mji wa Guzhen unaishi kwa taa. Huyu anakunja bati, yule anakata waya, na Ou Bingkun na mkewe Guizhen walitengeneza balbu za kuokoa umeme. Guizhen alipaka unga wa taa, ule unaoipa balbu mwanga wake, ndani ya mirija ya kioo. Bingkun alifunga balbu kwenye makasha na kupiga domo na wateja. Balbu zao zilikuwa na jina zuri sokoni.

Mwaka ule unga ukapanda bei. Ukapanda tena, na tena. Muuza unga alikuwa Wenjuan, shangazi yake Bingkun.

"Bei ya asubuhi si ya jioni," Shangazi alisema. "Unataka, chukua sasa. Hutaki, usinilaumu kesho."

Bingkun aliogopa. Akipandisha bei ya balbu, wateja watamkimbia. Basi akatafuta unga wa kizamani, ule wa bei chee, akauchanganya na ule mzuri.

"Wewe Bingkun, makasha yetu yameandikwa daraja la kwanza," Guizhen alisema. "Hizi tutaziandika nini?"

"Hivyo hivyo. Taa si inawaka? Nani atajua?"

Guizhen alipaka unga ule, lakini hakufurahi.

Mwaka mpya ukaingia. Katika mwezi wa kwanza, kila aliyepata mtoto hutundika taa ya karatasi nyekundu katika ukumbi wa ukoo, mbele ya majina ya mababu. Zhirong, mdogo wake Bingkun, na mkewe Peiyi walikuwa wametafuta mtoto kwa miaka mingi. Sasa walimpata, wa kike. Zamani taa ilikuwa ya watoto wa kiume tu, na Ami Guotai, mzee wa ukoo, alinuna.

"Taa ya binti yangu itatundikwa," Zhirong alimwambia. "Asiyetaka, asije kula."

Balbu za ukumbi zilitoka kwa Bingkun, kama kila mwaka. Alichukua kasha la juu, akaziweka zote, hata ile ya ndani ya taa ya mtoto.

Jioni wakaziwasha. Makofi yalianza, yakafifia. Karatasi nyekundu ilikuwa na rangi ya maini. Mayai mekundu ya sherehe yalionekana kama yameoza. Peiyi alimtazama mtoto mikononi mwake. Uso wa mtoto ulikuwa umepauka, una ukijani.

"Jamani, mwanangu ana nini?" alilia. "Mbona yuko hivi?"

"Si nilisema?" Ami Guotai alipaza sauti. "Mababu wamekataa! Taa ya msichana, ya nini?"

Watu wakaanza kunong'ona. Peiyi alimfunika mtoto kwa shali.

Shangazi Wenjuan hakunong'ona. Aliinua macho, akatazama balbu. Kisha akamgeukia Bingkun.

"Umetia unga gani humu?"

Bingkun alikuwa na uongo tayari mdomoni. Angeweza kusema umeme ni mdogo. Lakini shemeji yake alikuwa analia, na mtoto ndiye aliyekuwa anabebeshwa lawama. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mtoto hana kitu," alisema. "Ami, mababu hawajakataa chochote. Ni mimi. Nimechakachua unga. Balbu hizi ni mbovu, na nilijua."

Zhirong alimtazama kaka yake, kisha akageuza uso. Hilo lilimuuma Bingkun kuliko tusi.

Bingkun alikimbilia karakana kuleta balbu nzuri. Shangazi akamfuata. Makasha yalijaa hadi darini, yote yanafanana.

"Zilizo nzuri ni zipi?" Shangazi aliuliza.

Bingkun aliona aibu kujibu. "Sijui."

"Makubwa haya! Umewadanganya watu mpaka umejidanganya mwenyewe. Haya, tuzijaribu moja moja."

Walipokuwa wanazijaribu, Shangazi alimweleza.

"Unga mzuri una madini adimu. Kuna ya kutoa wekundu, ya kijani na ya buluu. Yakiwaka pamoja, unapata mwanga mweupe safi. Unga wa kizamani una upungufu wa wekundu. Ndiyo maana mtoto alionekana mgonjwa."

"Na kwa nini bei imepaa hivi?"

"Migodi ilichafua mito, serikali ikabana uchimbaji. Ikabana na kuuza nje. Wenye hela wakanunua, wakaficha, wakangoja bei ipande. Sisi wengine tukagombania kilichobaki. Mimi napandishiwa, nawe nakupandishia."

"Na mimi nifanye nini, Shangazi?"

"Mpandishie mteja, umwambie sababu. Mwambie bei hiyo ni ya siku chache tu. Nunua unga wa oda uliyonayo, usilundike. Anayetaka rahisi, mtengenezee rahisi, inamfaa kwa stoo. Lakini iandike juu ya kasha!"

Walirudi na balbu nzuri, ukumbi ukawaka upya. Mtoto alionekana mwekundu, mwenye afya, anapiga miayo. Ami Guotai alimenya yai jekundu, akala.

Kesho yake Bingkun aliwaita wateja wabadilishiwe balbu. Wengine walimtukana, naye akawabadilishia. Guizhen alichapisha makasha mapya ya aina mbili: "Rangi kamili" na "Unga wa kizamani, rangi hafifu". Wateja walipungua. Baadaye wakaanza kurudi, maana kwake walijua wananunua nini.

Siku moja akaja muuza nyama, mteja wa zamani.

"Wewe! Balbu zako zilifanya nyama yangu ionekane imelala. Watu wakapita mbele ya bucha kama hawanijui. Hizi ni zipi?"

Bingkun alimfungulia kasha moja.

"Zile zilikuwa mbaya, na nilijua. Hizi ni za rangi kamili. Bei imepanda kwa sababu ya unga."

"Mbona hukuniambia kule mwanzo?"

"Niliogopa utanihama."

"Nilikuhama," alisema muuza nyama. "Leo nimerudi. Pakia makasha mawili."