Mikono Iliyoshonwa

Siku ya soko, mkahawa ulio chini ya matao kando ya uwanja mkuu wa Boca Mansa hauna siri. Kila mtu na glasi yake ya kahawa nzito, anaigonga kwa kijiko kumwita mtumishi wa birika la maziwa, na glasi zikigongwa zote pamoja utadhani mvua ya misumari inanyesha juu ya bati.

Sajini Domitila Cházaro aliingia humo kwa ajili ya ugomvi. Wauza nyama wawili, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wameshikana mashati. Domitila hakugusa kirungu. Alivuta kiti, akakiweka katikati yao, akakaa.

"Haya, endeleeni," akasema. "Ila mkinigonga mimi, mama yenu nitamwambia mwenyewe. Jana tu nimemvusha barabara."

Ndugu wakatazamana. Mkubwa akaachia shati. "Afande, mama ametoka wapi tena katika mambo haya?"

"Si ndiko mlikotoka nyote wawili? Kaeni mnywe kahawa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu usichana. Idara ya polisi ya Boca Mansa ni ndogo: gari moja la doria lenye mlango uliofungwa kwa waya, askari wachache, na yeye. Alijua mlevi yupi hurudishwa kwa mkewe na yupi hufichwa kwa dada yake mpaka hasira za mke zipoe. Mtoto akipotea, watu hawakupiga simu kituoni, walipiga kelele dirishani kwa Domitila. Na miaka yote hiyo idara ilinunua sare za kiume tu, kana kwamba bado haijamwona.

Basi, alipoinua mkono kugonga glasi yake, shati likapasuka kwapani. Rrraap! Mkahawa mzima ukageuka.

Kwenye meza ya pili aliketi bwana mmoja mwembamba, masharubu yamechongwa, shati jeupe la mikunjo limepigwa pasi hadi linang'aa, futi ya kamba inaning'inia shingoni kama tai. Huyo ni Nazario Uscanga, fundi cherehani, mjane wa miaka mingi, ndiyo kwanza amehamia mjini na kufungua duka chini ya matao.

"Afande," akasema, sauti imejaa huruma, "nani kakushonea uhalifu huu?"

"Serikali," akajibu Domitila, mkono umebana kwapa.

"Basi serikali ikamatwe. Mabega ni ya mchukuzi wa magunia, kiuno ni cha pipa. Na ndani yake kuna mwanamke, nasikia."

"Unasikia kutoka kwa nani?"

"Kwa hilo shati. Limepiga kelele sasa hivi, hukulisikia?"

Wauza nyama waliokuwa wakipigana wakaangua kicheko kwa pamoja. Domitila alitaka kununa, midomo ikamsaliti. Jioni ile alipeleka shati dukani kwa Nazario, na alipolichukua na kulivaa, alijitazama kwenye kioo kirefu, akajigeuza. Bluu ileile, vifungo vilevile, lakini mabega yalikuwa yake, na kiuno, ambacho hata yeye alikuwa amekisahau, kimerudi.

"Nikulipe nini?"

"Jumapili. Danzoni moja."

"Nikiwa na sare sichezi. Na Jumapili huwa na sare."

Kwetu, Jumapili jioni bendi ya mji hupiga danzoni uwanjani, na watu wazima hucheza. Ni dansi ya adabu. Kila baada ya muda muziki hurudi kwenye kibwagizo, na hapo wachezaji wote husimama. Hugeuka kuitazama bendi, wanawake hufungua vipepeo vya kujipepea, watu huulizana habari za wajukuu, kisha kibwagizo kikiisha wote huondoka tena kwa pamoja, kwa mguu mmoja. Twakiita kituo. Anayecheza kituoni ni mgeni au mlevi, na vibibi wa safu ya mbele watamsema hadi Pasaka. Domitila alikuwa amesimama chini ya taa ya uwanja ule, mikono nyuma, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Vituo vyote alivijua kwa moyo. Hakuwahi kucheza hata danzoni moja.

Nazario akawa anacheza na vibibi, kisha kituo kikifika anamwacha bibi na kipepeo chake, anakwenda chini ya taa.

"Afande, umeona mguu wangu?"

"Wa kushoto unachelewa."

"Unachelewa kwa sababu unakutafuta wewe."

"Rudi kwa bibi wa watu, kibwagizo kinaisha."

Simu nazo zikaanza.

"Hapo ni polisi? Nataka kuripoti wizi."

"Nazario, hii ni simu yangu ya nyumbani."

"Usingizi wangu umeibwa. Mwizi namjua, huvaa bluu."

"Lete mashahidi wawili na kitambulisho. Na ulale, mpenzi, kesho una suruali za harusi za watu."

Neno "mpenzi" lilimponyoka. Nazario akasema taratibu, "Hilo nimelirekodi, afande." Tangu siku hiyo mji mzima ukajua, maana mama wa wale wauza nyama aliishi ukuta mmoja na fundi.

Kisha akaja Mkuu Arriaga.

Alitumwa kutoka makao makuu ya jimbo kuongoza polisi wa mji, kijana wa viatu vya kung'aa na miwani ya jua hata ndani ya ofisi. Mezani kwake alikuta ombi la shemeji wa meya, aliyetaka uwanja mzima uwe wa meza za hoteli yake, zenye miavuli na wateja wa kulipa. Bendi na vibibi wake waondoke. Arriaga akamwita Domitila.

"Wewe wanakusikiliza," akasema. "Jumapili utasimama mbele ya bendi, utawatawanya. Ukifanya, luteni. Usipofanya, pensheni yako imeshafika mlangoni, mimi ndiye mwenye ufunguo."

Domitila hakujibu. Askari wa zamani wa Boca Mansa hamjibu mkuu papo hapo. Hurudi nyumbani, hulala juu ya neno lile, kisha hujibu kwa miguu. Arriaga hakuijua desturi hiyo. Alidhani kimya ni ndiyo, na siku hiyohiyo akamtuma dereva na sare mpya nyeusi ya luteni, jina CHÁZARO limetariziwa kifuani, hadi dukani kwa Nazario.

"Ipunguzwe iwe ya mwanamke," dereva akasema. "Mama ataivaa Jumapili, siku ya kuwafukuza wale wazee uwanjani."

Nazario alilitazama lile jina mpaka herufi zikamcheza machoni. Akapiga simu.

"Domi, nimeletewa nguo yako nyeusi."

"Nguo gani?"

"Usinifanye mtoto. Ya cheo. Ya Jumapili."

Domitila akaelewa kila kitu mara moja, na hasira ikampanda. Si kwa Arriaga, ambaye hakumtarajia kitu. Kwa huyu.

"Umeona nguo, ukaamini?"

"Jina lako liko kifuani! Niambie hapana moja tu, nitaichoma moto."

"Hapana za kuombwa sina. Anayenijua haniulizi."

"Na anayenipenda hunijibu!"

"Nazario, ulinipima mabega, ukanipima kiuno, ukanipima hadi kifundo cha mkono. Nilidhani umenipima na mengine."

"Vibibi wale ndio ndugu zangu hapa mjini. Ukiwafukuza wao, umenifukuza na mimi."

"Basi shona nguo yako, fundi. Kazi ni kazi."

Akakata simu. Kisha akakaa kitandani ameishika, akingoja ilie tena. Haikulia. Kule dukani Nazario naye alikuwa ameikodolea macho simu yake vivyo hivyo. Wazee wawili, viburi viwili, na waya mzima katikati.

Jumapili mchana Arriaga alipanga askari wote mbele ya kituo cha polisi. Alitaka iwe sherehe. Akaitoa ile sare nyeusi kwenye karatasi, nzuri ajabu, kiuno kimechorwa kama kwa kalamu, vifungo vimekaa sawasawa.

"Sajini Cházaro, njoo uvalishwe mbele ya wenzako."

Domitila akasogea. Arriaga akamshikia koti kwa adabu kama mhudumu wa hoteli. Domitila akaingiza mkono, mkono ukafika kwenye kiwiko ukagoma. Akajaribu wa pili, vilevile. Arriaga akavuta, akasukuma, miwani ikamteleza puani. Askari mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutetemeka mabega.

Mikono ya koti ilikuwa imeshonwa. Ndani kabisa, kwa uzi maradufu, mishono midogo iliyolingana, kazi safi ya fundi bora wa mji. Anayevaa koti lile hawezi kuinua mkono kumfukuza hata kuku.

Domitila akaitazama ile mishono. Kicheko kikamtoka tumboni, kicheko ambacho idara ile haikuwahi kukisikia. Huyu mtu alikuwa amemkasirikia hadi kufa, na bado hakuweza kumshonea vibaya.

"Mkuu," akasema akifuta machozi, "naona nguo imekataa amri. Twende uwanjani."

Akaenda kwa miguu, ndani ya bluu yake ya zamani. Arriaga akafuata na gari la doria, mlango wa waya ukipiga kelele njia nzima.

Bendi ilikuwa imekaa, lakini hakuna aliyepiga. Habari zilikuwa zimewatangulia. Vibibi walisimama na vipepeo vyao vimefungwa, nyuso zimepauka kwa poda na kwa hofu. Chini ya matao glasi zilinyamaza. Na katikati ya uwanja, peke yake, alisimama Nazario: suruali nyeupe, shati jeupe, viatu vya rangi mbili, kofia mkononi. Alimwona Domitila anakuja. Aliiona ile bluu, lakini alikuwa ameshajiandaa kwa maneno yake, yakatoka hivyohivyo.

"Anza na mimi, afande. Nikamate."

"Hilo ndilo lililonileta," akasema Domitila. "Lete mkono. Huo wa kulia. Mwingine kiunoni, na uuweke kwa heshima, mkuu wangu anatutazama."

Nazario akavaa kofia, akamshika.

"Mwalimu!" Domitila akamwita mzee wa bendi kwa sauti yake ya barabarani, ile inayosimamisha malori. "Mnangoja nini? Pigeni!"

Mzee wa bendi aliinua kijiti chake. Klarineti ikaingia. Na Sajini Domitila Cházaro, na sare, na bastola kwenye nyonga ya kulia, akacheza. Vibibi wakatazamana, kisha wakaanza kuingia mmojammoja, wakivuta wazee wao.

Kituo cha kwanza. Wote wakasimama, wakageukia bendi.

"Domi, mimi ni punda," Nazario akanong'ona.

"Punda anayeshona vizuri. Ulitumia uzi maradufu?"

"Nilitaka wahangaike."

"Walihangaika."

"Nisamehe."

"Kibwagizo kinaisha. Mguu wa kushoto, usichelewe."

Arriaga alikuwa ameshuka kwenye gari, anapaza sauti kwamba mkusanyiko huu umevunjwa kwa amri. Lakini muziki uliizidi sauti yake. Alingoja utulie. Ukafika kituo cha pili, na uwanja mzima, vibibi, wazee, hata wale ndugu wauza nyama na wake zao, ukamgeuzia mgongo. Si kwa matusi. Ndivyo danzoni inavyochezwa, uso kwa bendi. Lakini mtu akigeuziwa migongo yote ile kwa pamoja, na vipepeo vikapepea taratibu, hana pa kuiweka sauti yake.

"Sajini!" akapiga kelele. "Bastola na beji! Sasa hivi!"

Domitila hakugeuka. "Muziki ukiisha, Mkuu. Uwanja huu una adabu zake, nami ndiye ninayezilinda."

"Umefukuzwa kazi!"

"Nimesikia. Subiri muziki uishe."

Wakaondoka tena, wote kwa mguu mmoja. Nazario alikuwa analia bila kuficha, masharubu yamelowa.

"Umepoteza kila kitu kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yangu. Nyinyi mmebebwa tu. Nilikuwa nimechoka kusimama chini ya ile taa."

Kituo cha tatu kikafika. Miguu ikatulia. Vipepeo vikafunguka. Na Nazario, ambaye aliogopa kwamba akingoja hata nukta moja ujasiri utamkimbia, akasema huku anaitazama bendi:

"Domi. Nikuoe?"

Mguu wa Domitila ukaenda. Mbele, hatua nzima, katikati ya kituo, wakati uwanja wote umesimama kama sanamu. Mwanamke aliyevijua vituo vyote tangu usichana wake alikosea hatua mbele ya mji mzima.

Safu ya vibibi ikapiga yowe moja. "Yallaaa! Amecheza kituoni!"

"Afande!" bibi mmoja akampiga kwa kipepeo begani. "Una nini?"

Domitila alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nazario akamtazama usoni, na hakuuliza mara ya pili. Jibu lilikuwa pale chini, kwenye kiatu cheusi cha polisi kilichotangulia kingine.

Chini ya matao mtu akagonga glasi yake kwa kijiko. Mwingine akafuata, kisha zote, ile mvua ya misumari, na bendi ikalazimika kupiga kwa nguvu zaidi ili isikike.

Ulipoisha muziki, Domitila alimwendea Arriaga. Akafungua mkanda, akampa bastola. Akabandua beji, akampa. Akavua kofia, akampa, na nywele zake za mvi zikashuka. Arriaga akanyoosha kidole kwenye shati.

"Na hilo ni mali ya idara."

"Kitambaa ni cha idara," akasema Domitila. "Mabega ni yangu. Yakate uyachukue, kama unaweza."

Arriaga alitazama nyuma kwa askari wake. Walikuwa wamevua kofia zao, wanatazama ardhini, na hakuna aliyesogea. Wala Jumapili nyingine hakuna aliyesogea kuwafukuza vibibi. Meza za miavuli ziliwekwa upande wa pili wa mto, ambako hakuna anayekaa. Pensheni haikuja. Domitila anapima na kukata vitambaa dukani chini ya matao, na mtoto akipotea, watu bado hupiga kelele dirishani kwake, naye hutoka na pini mdomoni.

Jumapili hucheza. Ukifika uwanjani utamjua kwa urahisi: gauni la bluu lililokatwa kutoka shati la polisi, kipepeo cheupe, mume wa masharubu. Kila kituo husimama wima kama inavyopaswa. Ila kile cha tatu. Hapo hupiga hatua moja mbele, makusudi, na vibibi wa safu ya mbele humsema, na hatubu.