Kinyozi Aliyekariri Ubao

Jumamosi ya kupima macho bure, ukumbi ulijaa hadi mlangoni na foleni ikawa inakwenda mwendo wa kinyonga. Mpimaji alisimama kando ya ubao wa herufi, ndani ya gauni la kijani ambalo lebo yake ya shingoni aliikata kwa mkasi siku ile ile aliyolinunua. Nyumbani alikuwa na mengine sita ya mshono huohuo, rangi mbalimbali. Gauni likishakukubali, ya nini kuhangaika?

Akaja mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, ndevu zimechongwa kwa mstari. Alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili. Akafunika jicho la kushoto, akazisoma herufi zote hadi mstari wa mwisho bila kusita.

"Sasa jicho la pili," alisema Mpimaji, akageuza ubao kwa mara ya kwanza siku hiyo. Upande wa nyuma ulikuwa na herufi nyingine kabisa. Kinyozi akasoma zilezile za mwanzo, tena kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Ukumbi mzima ulicheka. Mpimaji hakucheka.

"Umekariri."

"Nimekaa foleni saa nzima nikiwasikiliza wenzangu, dada. Ningefanya nini?"

"Huu si mtihani. Ukisema huoni, ndipo nakusaidia."

"Kinyozi mwenye miwani, nani atampa shingo yake?"

"Na kinyozi asiyeona, nani atampa?"

"Mficha uchi hazai, kaka!" alidakia mama mmoja kwenye foleni. "Sema upewe miwani, na sisi tupite!"

Wiki iliyofuata Kinyozi alirudi kuchukua miwani yake. Alipoivaa, kitu cha kwanza kukiona vizuri kilikuwa uso wa Mpimaji.

"Kumbe uko hivi."

"Hivi vipi?"

"Mzuri."

"Ulipokuwa huoni, ulidhani nikoje?"

Kinyozi alicheka mpaka akashika meza. Mpimaji alikuwa ameuliza kwa dhati, lakini kicheko hicho hakikumchoma. Alikipenda, na alijua kwamba amekipenda.

Wakaanza kupigiana simu. Simu ikilia ghafla, mwili wa Mpimaji ulishtuka kama amemwagiwa maji, basi wakakubaliana: kwanza ujumbe, dakika tano baadaye sauti.

"Daktari wangu, umeshindaje?"

"Mimi si daktari. Napima macho."

"Basi daktari wa moyo wangu."

"Huyo husoma miaka mingi zaidi."

"Ee, mpenzi, utaniua!"

Miezi saba ikapita hivyo. Ndipo Kinyozi akasema dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, anataka kumwona. Mpimaji alijua maana yake. Alijua pia kuwa hataingia nyumba ya watu akiwa mtu mwingine, halafu aishi na huyo mtu mwingine hadi kaburini. Walipofika kwenye ngazi za nyumba hiyo, ghorofa ya pili, akasimama.

"Kuna jambo. Nina usonji. Niliambiwa nikiwa na miaka ishirini na saba, lakini ninao tangu kuzaliwa."

Kinyozi alimshika mkono kwa upole. Nia yake ilikuwa njema, na ubaya ulikuwa hapo hapo.

"Wewe? Aa, mpenzi, hata huonekani kama unao! Unaongea na wagonjwa vizuri, unasalimia, unatania. Halafu nani hana? Sote tunao kidogo."

Maneno yale Mpimaji aliyajua yote. Alishaambiwa na walimu, binamu na wakuu wa kazi.

"Tukiingia usiseme tu," aliongeza Kinyozi. "Mbona unaweza?"

"Vua miwani."

"Ya nini?"

"Vua."

Akavua. Mpimaji akaichukua. "Sasa shuka ngazi. Si sote hatuoni vizuri kidogo?"

Kinyozi alinyoosha mguu, akakosa kipago, akakumbatia chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Mpimaji alimrudishia miwani kiganjani.

"Sionekani kwa sababu nimekariri," alisema. "Lini nicheke, nimtazame mtu machoni muda gani. Nikifika nyumbani nalala sakafuni, taa zimezimwa. Unaniambia nimefaulu? Sikukwambia ili unipe ruhusa ya kujificha."

Akashuka ngazi peke yake.

Simu zikaanza, bila ujumbe wa kutangulia, na hakupokea hata moja. Mama yake alimkuta jikoni anakunja vitambaa vya meza kwa mara ya tatu.

"Mwanangu, alikuwa anakusifu. Wanaume wa namna hiyo hawaokotwi. Meza tu maneno yake."

"Nimemeza tangu nina miaka sita, mama. Tumbo limejaa."

Mama akachukua kitambaa kimoja, akakunja naye.

Siku ya tisa ulikuja ujumbe: "Kesho nitakuja kupimwa. Kama hutaki, niambie, sitakuja." Mpimaji aliusoma mara nyingi. Hakujibu kwamba hataki.

Kinyozi aliketi kitini, miwani usoni. Mpimaji akaivua, akarudi kwenye ubao.

"Unaona nini?"

"Sioni."

"Mstari wa juu?"

"Sioni, mpenzi. Naona weupe tu. Na siku ile kwenye ngazi nilikuwa sioni, nikajifanya naona. Nimefikiria wiki nzima, bado sijaelewa yote. Nifundishe, lakini usiniache."

Machozi yalimtoka Mpimaji, naye hakuyaficha.

"Nimeanza kuvaa miwani kazini," aliendelea Kinyozi. "Wateja wawili walikimbia."

"Wamerudi?"

"Mmoja. Nataka nikuoe. Wewe, si yule uliyemkariri."

"Dada yako umemwambia?"

"Hapana. Ni lako kusema."

Hilo ndilo lililomsogeza Mpimaji karibu. Akamvalisha miwani kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi twende. Na nikichoka, tutaondoka bila visingizio."

Dada mtu aliwapokea kwa vifijo, manukato mazito na televisheni inayopiga kelele. Mpimaji aliomba izimwe, akasema sababu, wazi, akiwa amesimama katikati ya sebule.

"Usonji? Aa, wifi yangu, huonekani kabisa!" alisema dada, akimpapasa bega. "Na sote tunao kidogo, au siyo?"

Mpimaji alivuta pumzi ili ajibu. Kando yake, Kinyozi alikuwa ameshavua miwani, ameikunja, ameiweka mezani. Akatoa wembe kwenye mkoba wa kazi.

"Kweli, dada. Hata mimi sioni vizuri kidogo tu. Lete kichwa nikunyoe."

Dada aliruka nyuma ya kochi, kichwa amekishika kwa mikono miwili. "Wewe! Vaa miwani yako kwanza!"

Safari hii Mpimaji alicheka kabla ya mtu yeyote, kwa sauti kubwa ambayo hakuikariri popote.

"Dada," alisema alipotulia, "kaa. Niulize chochote."

Dada akatoka nyuma ya kochi, akakaa.