Kura ya Mlinda Mlango

Mvua ilikuwa imewasukumia watu wote ndani. Ukumbi wa chini wa jumba lile la maduka ulijaa wanunuzi na wasio na nia ya kununua, miavuli ikichuruzika, sakafu ikiteleza, harufu ya kahawa ikichanganyika na ya nguo zilizolowa. Katikati, chini ya taa kubwa za duara, kituo cha redio kilikuwa kimeweka meza yenye kitambaa cha njano. Nyuma yake alisimama mtangazaji wa michezo ambaye jiji zima lilimwita Sauti. Alivaa shati la samawati, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na kila aliyepita alimtupia swali moja la kura ya kituo: nani nyota mkubwa wa michezo kuliko wote katika uhai wako? Sharti lilikuwa uwe umemwona kwa macho yako mwenyewe. Hadithi za babu hazikukubaliwa.

Watu walijibu kwa mbwembwe. Dereva wa teksi alimtaja mkimbiaji wa mbio ndefu mpaka machozi yakamlengalenga. Akina mama wawili nusura washikane mashati kwa ajili ya mcheza netiboli. Ndipo akatokea mwanamke akikatiza umati, koti jeupe la kazini juu ya gauni la kijani kibichi, nywele zimefungwa nyuma kwa utepe, kikombe cha kahawa mkononi akikilinda kisimwagike. Alikuwa mpima macho katika duka la miwani la ghorofa ya juu, na mapumziko yake ya mchana yalikuwa yanayoyoma. Sauti alimsogezea kipaza sauti kabla hata hajafikiri.

"Dada, nyota wako ni nani?"

"Sina."

"Hata mmoja? Miaka yote uliyoishi?"

"Miaka yangu unaitaka ya nini hadharani?" Watu wakacheka, naye akatabasamu kidogo. "Mimi nikitazama mchezo nawatazama walioshindwa. Namna wanavyotoka uwanjani. Hapo ndipo namwona mtu."

Akaenda zake. Sauti, ambaye hajawahi kuishiwa maneno hewani, aliishiwa, na wasikilizaji wa jiji zima wakasikia mvua peke yake ikinyesha juu ya paa.

Kesho yake alipanda ghorofani akidai macho yanamuuma. Mpima macho alimkagua, akamwambia hayana kitu, akamwuliza kama kuna kingine kinachouma. Akajibu kwamba kipo, ila mashine ile haiwezi kukiona. Maneno ya kizembe, yeye mwenyewe alijua, lakini mwanamke alicheka, na kicheko chake kilimfuata mtangazaji hadi kwenye lifti, hadi barabarani, hadi studio.

Ikawa hivyo. Kila jioni kipindi kikiisha, simu ya duka la miwani iliita. Alimwita Macho. Alitaka kujua amekula nini, amempima nani, kama leo kuna mteja aliyemtazama zaidi ya ilivyotakiwa. Mpima macho naye aligundua kwamba sauti ya simuni ilikuwa ndogo kuliko ya redioni, ina mikwaruzo na wasiwasi, na hiyo ndogo ndiyo aliyoipenda. Walitembea baada ya kazi, barabara bado zina maji, taa za maduka zimelala juu ya lami kama vitambaa vya rangi. Njiani Sauti alimsimulia nyota wake: mwogeleaji aliyegeuka majini kana kwamba hana mifupa, bondia aliyempangusa mpinzani wake damu usoni, msichana wa kuruka juu ambaye, alipokuwa hewani, uwanja wote ulisahau kupumua. Mpima macho alisikiliza huku amemshika mkono, na wakati mwingine ilikuwa kama wao wawili nao wako hewani, hawajatua bado.

"Na baba yako, anapenda michezo?" Sauti alimwuliza siku moja.

"Baba ni mwalimu wa hesabu. Amestaafu."

Hakudanganya, ila hakumaliza. Kabla ya kuwa mwalimu, baba yake alikuwa mlinda mlango wa timu ya taifa. Katika fainali ambayo nchi nzima iliisubiri, mvua ikinyesha, dakika za mwisho, mpira mmoja ulimpita. Asubuhi yake gazeti lilimwita Mlango Wazi, na jina likamganda. Watoto wa shule walilifanyia wimbo. Binti alipoanza kusoma alijifunza mapema kutosema yeye ni wa nani. Sasa mama alikuwa ameshafariki, baba na binti waliishi wenyewe, na mpira ulikuwa neno lisilokaribishwa mezani. Alikusudia kumwambia Sauti. Kila siku aliona kesho ndiyo nzuri zaidi.

Juma la kufunga kura lilipofika, msikilizaji mmoja alipiga simu akauliza mbona hawachagui na mchezaji mbovu kuliko wote. Mdomo ukamponza mtangazaji.

"Hapo hatuhitaji kura," alisema akicheka. "Mlango Wazi anapita bila kupingwa. Mpira ule hata bibi yangu angeudaka, na bibi yangu haoni."

Studio nzima ilivunjika mbavu. Ghorofani, redio ya duka ikiwa wazi, mpima macho alikuwa anasafisha kioo cha miwani ya mteja. Alikisafisha, akakisafisha tena, mpaka mteja akamwuliza kama kuna doa. Nyumbani, baba yake alikuwa anamenya viazi, redio ipo dirishani. Aliizima kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Binti aliporudi, walizungumza kuhusu bomba la jikoni linalovuja.

Kuanzia hapo Sauti alipiga simu zikaita bure. Alituma ujumbe, hakujibiwa. Mwenzake wa kazini alimwambia asijisumbue, mwanamke akinyamaza hivyo ana mwingine, na neno hilo likamkaa rohoni. Alitangaza matokeo ya michezo bila kusikia anachosema. Mwisho akapiga moyo konde, akaenda dukani, akaketi kwenye foleni kama mteja yeyote.

Zamu yake ilipofika, mpima macho hakushtuka. Alimwelekeza kwenye kiti, akazima taa. Gizani pakabaki ubao wa herufi uking'aa kwa mbali na manukato yake mepesi.

"Kidevu hapo. Soma mstari wa tatu."

Akausoma.

"Wa nne."

"Macho, nimekosa nini? Kama kuna mtu mwingine niambie, nitaondoka."

Alibadilisha lenzi. Ilisikika ikigonga kidogo.

"Mwingine yupo," alisema. "Ananisubiri nyumbani kila jioni. Jana alinipikia viazi. Nyinyi mnamwita Mlango Wazi."

Sauti alitaka kugeuka, lakini kidevu chake kilikuwa bado kwenye mashine.

"Ni baba yangu. Ulimwona akicheza?"

"Hapana. Nilikuwa sijazaliwa."

"Si mlisema lazima umwone mtu kwa macho yako?"

Sauti aliwaza kwamba kichekesho kile alikichukua kwa baba yake mdogo, ambaye naye alikichukua kwa mtu mwingine, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiuliza kama kina mtu ndani yake. Taa ikawaka. Mpima macho alikuwa ameinamia meza yake, na kope zake zilikuwa zimelowa.

"Macho yako ni mazima," alisema. "Mwambie anayefuata aingie."

Jumamosi mchana, binti akiwa kazini, Sauti alibisha hodi kwenye nyumba ya mwalimu. Aliyefungua alikuwa mrefu, sweta limetiwa viraka viwikoni, viganja vikubwa kama sahani. Mtangazaji alianza kuomba radhi mlangoni hapo hapo. Mzee alimkatiza.

"Naijua sauti yako. Ingia kwanza, utalowa."

Alimpa kiti na chai. Sauti alisema yote aliyokuja kuyasema, bila kujipamba, akaongeza kwamba hakuja ili asemewe kwa binti. Mzee alisikiliza akikoroga kikombe chake muda mrefu.

"Kunicheka mmenicheka miaka mingi, nimeshazoea. Kinachoniuma ni kingine." Aliweka kijiko chini. "Nilikuwa nimesimama vizuri siku ile. Yule mshambuliaji wao alinitazama, akapiga, mpira ukaenda kulia. Nami nikaenda. Halafu huko juu ukarudi kushoto, kama umeitwa. Kijana, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nililala kwenye matope nikatamani ningekuwa mtazamaji, niweze kumpigia makofi."

"Mbona hujawahi kusema, mzee wangu?"

"Kipa aliyefungwa akimsifu mfungaji, si watasema anajitetea? Basi nikanyamaza. Lakini mkisema mlango ulikuwa wazi, mnamnyang'anya yule bao lake. Hata kwao walisema alibahatisha. Amekufa hivyo hivyo." Alitazama mvua dirishani. "Na nani aliwahi kuniuliza nyota wangu ni nani?"

"Mimi nakuuliza," Sauti alisema. "Ila si hapa. Njoo uniambie mbele ya wale wote niliowachekesha."

Jumapili alasiri, siku ya mwisho ya kura, mwalimu alifika kituoni amevaa suti ya kijivu ambayo binti yake, alipoambiwa kuhusu mwaliko, aliipiga pasi mwenyewe. Binti alimsindikiza baba yake amemshika mkono, gauni jeupe, hereni ndogo za bluu, na akaketi upande wa pili wa kioo, karibu na fundi mitambo. Sauti hakuthubutu kumtazama. Alifungua kipindi kwa kuomba radhi. Alisema alimcheka mtu ambaye hajawahi kumwona, kwamba mtu huyo yupo naye studio, na kwamba jina la Mlango Wazi halitatoka tena kinywani mwake. Kisha akamsogezea mzee kipaza sauti.

Mwalimu alieleza bao lile kama anavyoeleza hesabu ubaoni, taratibu, hatua kwa hatua, upepo ulitoka wapi, mguu ulikaaje, mpira ulianza kupinda ukiwa wapi. Mpaka anamaliza, fundi mitambo alikuwa ameacha vitufe vyake na kushika kichwa. "Kura yangu ni ya mshambuliaji yule," mzee alisema. "Ni bora kuliko wote niliowaona, na nilikuwa karibu naye kuliko nyinyi wote."

Simu zikaanza kuwaka taa. Wengine walimpa pole, wengine walibisha, mmoja alilia. Halafu ikaingia ya mwanamke mwenye sauti ya kizee, kutoka nchi ile nyingine iliyochukua kombe. Mjukuu wake alikuwa amemfungulia redio kwenye simu. Alikuwa mjane wa mfungaji.

"Baba, nakushukuru," alisema. "Mume wangu waliposema alibahatisha, alikaa kimya. Nyumbani alikuwa akiniambia kwamba alipiga ule mpira akijua hakuna kipa wa kuufikia, na wewe uliufikia. Kwa ncha za vidole. Aliuona ukitikisika. Alitaka kukutafuta akuambie, ila aliona haya."

Mzee alitazama mkono wake wa kushoto, akaugeuza.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Niliugusa. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyejua."

Nyuma ya kioo, binti yake alijifunika uso kwa viganja.

Muda wa kipindi uliisha, taarifa ya habari ikaingia, na fundi mitambo akaihamishia simu ile kwenye chumba kidogo cha wageni ili wazee wale waendelee. Sauti alimkuta mpima macho ameketi kwenye ngazi za korido. Jua lilikuwa limepata upenyo kati ya mawingu, na mwanga wake ulijaa ukutani, mzito na wa rangi ya asali.

"Sikuja kwa ajili yako," mpima macho alisema.

"Najua."

"Na bado nimekukasirikia. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kukaa ngazi ya juu yako. Keti pale."

Sauti aliketi pale. Alimwambia kwamba bibi yake amempigia simu kumgombeza, maana anaona vizuri kabisa na hakupenda kusingiziwa. Mpima macho aliuma mdomo asicheke, akashindwa.

"Nataka kukuoa, Macho," Sauti alisema, kwa ile sauti yake ndogo. "Nakwambia hapa kwa sababu hakuna anayesikia."

Mpima macho alichezea pindo la gauni lake.

"Mimi nitakubali," alisema mwisho. "Lakini utamwomba yeye kwanza. Uso kwa uso."

"Nitamwomba sasa hivi."

"Yuko kwenye simu."

"Basi nitasubiri."

Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa umeegeshwa. Ndani, mwalimu alikuwa anauliza habari za wajukuu, na za goti lililomsumbua marehemu, na kisha akacheka, kicheko cha kijana ambacho binti yake hakuwahi kukisikia. Binti akasikiliza, macho ameyafumba. Halafu akateremka ngazi moja, akakaa bega kwa bega na mchumba wake, mkono wake ndani ya mkono wa Sauti. Simu ilikuwa bado inaendelea, na wao hawakuwa na haraka.